Pakeji hazihami zenyewe

Ukipita mwezi wa Aprili, vijana wa data huanza kunipigia. "Shikamoo dada. R imenifutia pakeji zote!" Haijafuta. Huwa naanza na hilo, maana mwenye ripoti ya kukabidhi Ijumaa hasikii neno lingine mpaka roho itulie.

R ni lugha ya kompyuta ya kazi za takwimu. Waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman, Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni ya bure, ndiyo maana sisi tunaochambua takwimu za zahanati hatuiachi. Lakini ikiwa peke yake ina mambo ya msingi tu. Utamu uko kwenye pakeji, programu ndogondogo za kuongezea zinazoandikwa na watu wa kila pembe: ggplot2 ya kuchora grafu, sf ya ramani. Ghala lao, CRAN, lina zaidi ya 20,000.

Kila mwaka, kwa kawaida Aprili, hutoka toleo jipya. Kwenye Windows, pakeji zako hukaa katika folda yenye namba ya toleo. Ukiweka R 4.4, yenyewe inafungua folda ya 4.4, na humo hamna kitu. Zako zimelala kwenye 4.3, salama. Ukitoka 4.4.0 kwenda 4.4.1 folda ni ileile, huhisi lolote.

Basi si ninakili folda nzima? Wajanja wote huuliza hivyo. Tatizo ni kwamba pakeji nyingi zina sehemu zilizoandikwa kwa C, C++ au Fortran, zikageuzwa lugha ya mashine kulingana na maungo ya ndani ya R ya wakati huo. Maungo yakibadilika, pakeji inagoma, au mbaya zaidi, inafanya kazi nusunusu. R 4.0.0 ya Aprili 2020 haikutaka mjadala: kila pakeji ya kabla yake ilibidi isakinishwe upya.

Njia ninayoiamini: kabla ya kupandisha, chukua orodha ya majina kwa installed.packages, uihifadhi kwenye faili. Ukishaingia R mpya, isome na usakinishe zinazokosekana. Aliyekwisha kunakili folda atumie update.packages, na checkBuilt aiweke TRUE. Bila hiyo, R hulinganisha namba ya pakeji tu. Ikiona haijabadilika inaipita, hata kama ilijengwa kwa R ya zamani. Fanya hivyo R ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa, hujaita pakeji yoyote, kwani Windows haikubali kubadilisha faili linalotumika. Na uwe na bando la kutosha: pakeji moja huja na ndugu zake.

Zipo ambazo hazirudi. Oktoba 2023 rgdal, rgeos na maptools ziliondolewa CRAN. Roger Bivand wa Norway, aliyezitunza miaka mingi, alikuwa anastaafu. Kwetu wachora ramani za malaria kwa kata, huo ulikuwa msiba mdogo. Skripti iliyosoma mipaka ya kata kwa readOGR ya rgdal inakwama mstari wa kwanza. Unaweka st_read ya sf, inasoma vizuri, kisha inakwama tena mbele, pale ulipozoea kuchomoa jedwali kwa @data: kwenye sf ramani ni jedwali lenyewe, mipaka ikiwa safu mojawapo. Ni kazi ya mchana mzima, na baada yake skripti inakuwa fupi kuliko ya awali.

Kinachonitisha hasa ni kisichotoa onyo. R 3.6.0 ya 2019 ilibadilisha namna amri ya sample inavyochagua kwa bahati nasibu, hivyo mbegu ileile ya set.seed ikatoa sampuli ya kaya tofauti na za mwaka uliotangulia. R 4.0.0 nayo ikaacha kugeuza maandishi kuwa makundi yenyewe wakati wa kusoma data. Kwa hiyo katikati ya ripoti sipandishi toleo hata nikibembelezwa, na kila mradi naufungia matoleo ya pakeji zake kwa pakeji ya renv.

Folda ya 4.3 iacheni hapo mpaka ramani ya mwisho itoke. R mbili hukaa kompyuta moja bila kugombana, na RStudio, programu ya kuandikia R, kwenye Windows inakuachia uchague ipi ifunguke.