Mbio za mashua Lamu: Ushindi huanzia kwenye farumi

MMILIKI wa mashua akishinda mbio za Lamu hupokea zawadi mara moja, lakini jina la chombo chake hutajwa gatini kwa miezi mingi. Jina hilo ndilo huleta wateja. Mtalii anayetaka kuzungushwa visiwani huuliza ni mashua ipi ilishinda, na mfanyabiashara mwenye mzigo wa kuharibika naye hupenda nahodha ambaye hachelewi.

Mbio hizi ni sehemu ya Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Mwezi huo ni wa tangambili: kusi imekwisha na kaskazi haijashika vizuri. Upepo huwa mwepesi na hugeuka geuka. Kwa hiyo anayetegemea nguvu ya upepo peke yake huachwa nyuma na mwenye chombo cha kawaida lakini mabaharia waliozoeana.

Tuanze na farumi, maana hapo ndipo wengi hupotezea mbio. Farumi ya mashua ya mashindano ni magunia ya mchanga, na mchanga una faida moja ambayo jiwe halina: gunia huhamishika upesi. Upepo ukiwa mkali, magunia na watu huhamia upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ili chombo kisilale. Baharia mwingine hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje kabisa ya chombo. Upepo ukilegea mambo hugeuka. Watu wachache husogea upande wa demani ili chombo kiiname kidogo, tanga lishike umbo lake na sehemu ya ubavu inayokokota maji ipungue. Mabaharia watatu wakikaa tezini kupiga soga, omo hupanda na maji hukokotwa nyuma. Hilo ni sawa na kufunga breki.

Kazi ngumu zaidi ni kubisha. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuelekea moja kwa moja unakotoka upepo. Lazima kiende upande huu, kisha upande ule. Tuchukue mfano. Boya liko kilomita 3 juu ya upepo. Nahodha anayeweka omo nyuzi 60 kutoka kwenye upepo atasafiri kilomita 6 kufika hapo. Mwenzake anayeweza kushika nyuzi 55 atasafiri kilomita 5.2 hivi. Huo ni umbali wa karibu mita 800 uliookolewa bila kununua kitu chochote.

Lakini kuna mtego. Ukiubana upepo kupita kiasi mwendo hufa, na chombo huanza kusukumwa kando. Dalili ya kwanza huonekana kwenye tanga, karibu na goshi: kitambaa huanza kutikisika. Hapo mshika usukani aachie kidogo, asingoje tanga zima lipigepige. Anayeshika kamba ya demani naye asiifunge akaisahau. Kamba hiyo hulegezwa na kuvutwa kila upepo unapobadilika, na kwa tangambili hiyo ni kazi isiyo na mapumziko.

Kisha kuna kugeuza tanga. Foromali yetu hukaa upande mmoja wa mlingoti, hivyo kubadili upande kamili maana yake ni kukisi: chombo huupa upepo tezi, demani hulegezwa, foromali husimamishwa wima na tanga zima hupitishwa mbele ya mlingoti. Wakati huo wote chombo kinarudi kilikotoka. Ndiyo maana nahodha mjanja huhesabu mapema atageuza mara ngapi. Kama kipande kilichobaki ni kifupi, ni afadhali kupita upeponi na kuacha tanga libanwe na mlingoti kwa dakika chache kuliko kukisi mara mbili. Ikibidi kukisi, kila mtu ajue kamba yake kabla amri haijatoka. Mabaharia wanaogombana katikati ya zoezi hili wameshapoteza nafasi mbili au tatu, na mazoezi ya jioni chache tu yangewaponya.

Mkondo kati ya Lamu na Manda nao una hesabu yake. Maji yakikupinga, kaa karibu na ukingo ambako mkondo ni dhaifu, mradi ujue kina. Yakikusukuma, nenda katikati. Wakati wa bamvua tofauti hii inaweza kuamua mshindi kuliko tanga jipya, na tanga jipya ni ghali.

Kabla ya mbio, chombo kipandishwe pwani, kikwanguliwe na kukalafatiwa. Majani na chaza wanaoshika chini ya mashua hula mwendo kimya kimya. Tanga la pamba likirushiwa maji wakati wa upepo mwepesi, nyuzi hukaza na hewa haipenyi ovyo.

Upande mmoja haupaswi kusahauliwa. Tanga kubwa la mashindano si la safari ya mzigo. Nahodha anayelibeba wakati wa kusi kali, huku mizigo imejaa, anacheza na roho za watu na mali ya wengine.

Ujuzi wenyewe, hata hivyo, hauachwi kwenye mbio. Embe huanza kuiva kipindi hicho hicho cha tamasha, na mkulima wa visiwani anayepeleka matenga Mokowe, bara, hulipia petroli ya injini iwe bei imepanda au imeshuka. Mashua inayobisha vizuri huweza kuzima injini sehemu kubwa ya njia. Unapokodi chombo, muulize mwenyewe atavuka kwa maji yapi, na umwangalie anavyopanga matenga: yakirundikwa tezini, tafuta mwingine.