Idi ni Siku Moja: Mizani ya Chakula Katika Siku za Furaha



Wasomaji wetu wapenzi, leo tunalo jambo la nyumbani la kuzungumza nanyi, na hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Dada yetu mkubwa alipimwa kliniki katika mwezi wa Rajabu, akaambiwa sukari imepanda na kwamba akipunguza kilo nane atausaidia mwili wake kuliko anavyodhani. Mtaalamu wa lishe akamwekea kikomo cha kalori 1,600 kwa siku. Kalori si kitu cha ajabu. Ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Dada yetu akanunua daftari la shule, akawa anaandika kila kinachoingia kinywani mwake: mahamri mawili, mbaazi za nazi upawa mmoja, chai na vijiko vyake vya sukari. Ramadhani ikaingia, naye akafunga kwa ruhusa ya daktari, na daftari halikuachwa. Ulipoandama mwezi wa Mfungo Mosi alikuwa amepungua kilo tatu.

Siku ya Idi alikuja kwetu baada ya swala. Pilau ikateremshwa kwenye sinia, pembeni pana kachumbari, achari na ndizi. Akala matonge machache, akanawa. Sisi, kwa mapenzi yaliyochanganyika na ujinga, tukalifanyia mzaha lile daftari mbele ya watu. Tukaapa hatutanyosha mkono tena mpaka naye ale. Tukamtolea na ushahidi, tukamkumbusha jinsi Salman alivyomzuru Abu Dardaa, akakataa kula mpaka mwenyeji wake aliyekuwa amefunga ale pamoja naye. Nani atamshinda sheikh kwa hoja siku ya Idi? Dada yetu akala. Akala pilau, akaja kwenye tambi, akamalizia kaimati na halua.

Asubuhi ya pili alipanda mizani, ikamwonyesha kilo mbili zaidi. Akalifunga daftari, akalitia kabatini, na mwezi mzima hakuligusa. Tulipomuuliza alijibu, "Mdogo wangu, nilikuwa nimeshaharibu. Nikaona hakuna la kuokoa."

Neno hilo, "nimeshaharibu," ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Baada ya kulichunguza tumeona kwamba madhara yake yamezidi madhara ya pilau yote tuliyompakulia.

Kula siku ya Idi si kosa

Kwanza tuweke msingi. Sheria imeharamisha kufunga siku za Idi mbili, na zile siku tatu zinazofuata Idi kubwa Mtume (S.A.W.) ameziita siku za kula, kunywa na kumtaja Mwenyezi Mungu. Basi mwenye kupunguza uzito asiione sinia ya Idi kuwa ni maasi, wala asiinuke hapo akiwa na majuto ya mtu aliyefanya dhambi.

Lakini aya ya 31 ya Suratul A'raaf, inayotuamrisha kula na kunywa, papo hapo inatukataza israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib, iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi, tumefundishwa kuwa matonge machache humtosha mwanadamu, na akiwa hana budi ila kuzidisha, basi agawe tumbo lake mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Mafundisho hayo hayakusimamishwa siku ya sikukuu. Idi ina ruhusa yake, na ruhusa ina mpaka wake.

Hesabu ya wiki nzima

Tuchukue mfano wa mama ambaye mwili wake hutumia kalori 2,000 kwa siku, naye anakula 1,600. Kila siku anaokoa 400, na kwa siku sita zinakuwa 2,400. Siku ya saba ni Idi, akala 3,200, yaani 1,200 zaidi ya anazotumia. Toa 1,200 katika 2,400, zinabaki 1,200 za faida. Wiki hiyo bado amepiga hatua, ingawa ni hatua fupi.

Sasa tumtazame mwenziwe. Naye amekula kiasi kilekile siku ya Idi, lakini kwa kuwa "ameshaharibu," akaendelea vivyo hivyo siku ya pili kwa viporo na siku ya tatu kwa mialiko. Siku hizo tatu zimemzidishia 3,600, na siku nne zilizobaki zimemwokolea 1,600 tu. Wiki imekwisha akiwa na deni la 2,000. Wote wawili wamekula Idi moja. Kilichowatenganisha ni siku ya pili.

Na ile mizani iliyomvunja moyo dada yetu? Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa kalori 7,700 hivi. Ili aongeze kilo mbili za mafuta kwa siku moja, ingempasa ale zaidi ya kalori 15,000 juu ya mahitaji yake, na hilo halitimii hata kwa harusi tatu kwa mpigo. Sehemu kubwa ya kilo zile ilikuwa ni maji. Chumvi huyazuia maji mwilini; na wanga wa wali na sukari unapohifadhiwa kwenye ini na misuli huambatana na maji yapatayo mara tatu ya uzito wake. Ongeza na chakula ambacho bado kimo tumboni. Anayekula kama kawaida yake huyaona maji hayo yakishuka baada ya siku chache. Kwa hiyo, mama, usipande mizani asubuhi ya pili ya Idi. Ngoja siku nne au tano, ndipo upime.

Namna ya kuandika sinia

Wengi hutuuliza: mtu ataandikaje chakula cha sinia, wakati watu sita wamekizunguka na mikono inapishana? Jibu limo katika adabu tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, ile aliyofundishwa Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto: kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Anayekula kilicho mbele yake huona amechimba kiasi gani. Akadirie kwa vikombe. Kikombe cha wali mweupe ni kalori 200 hivi. Pilau, kwa mafuta na nyama yake, sisi huihesabu kuwa 350. Kijiko kikubwa cha mafuta peke yake ni 120, na hapo ndipo kaimati na sambusa zinapotukamata. Chupa ndogo ya soda ya mililita 300 ni kalori 130 hivi, karibu vijiko vinane vya sukari vinavyopita kooni bila kushibisha. Maji ya kunywa hayana hesabu.

Makadirio hayatakuwa kamili, wala hayalazimiki kuwa kamili. Yaliyokadiriwa yakaandikwa ni bora kuliko yaliyofichwa. Hata ukiandika kwa mstari mmoja tu, "Leo Idi, 3,000 hivi," daftari litakuwa limebaki wazi, na kesho utajua pa kuanzia.

Yako na mengine mepesi. Usishinde na njaa ukiisubiri sinia, kwani mwenye njaa kali hapimi. Mtume (S.A.W.) hakuwa akitoka kwenda kuswali Idi ya mwezi wa Mfungo Mosi mpaka ale tende, kwa idadi ya witiri, nasi tuanze hivyo. Kisha, meza ikiwa na tambi, halua, keki na kaimati, chagua kile unachokipenda kwa dhati, ukile kwa utulivu, na vingine uvisifu kwa maneno.

Wala tusidanganyane. Idi ni mbili kwa mwaka, lakini harusi za Pwani hazina idadi, hasa Mfungo Mosi na Mfungo Pili. Ikiwa kila mwaliko utapewa hukumu ya Idi, hesabu yetu ya wiki haitasimama. Kuitikia mwaliko ni haki ya aliyekualika. Lakini katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahihi Muslim, anayeitikia amepewa hiari ya kula au kuacha. Hudhuria, omba dua, furahi na wenzako, onja, rudi.

Siku ya pili

Aliyezidisha jana asijiadhibu leo. Kukaa na njaa siku nzima kwa hasira humrudisha mtu jikoni usiku akiwa hana subira tena. Na kwa wanaotumia dawa za sukari au sindano ya insulini, kuruka mlo bila shauri la daktari ni hatari ya maisha. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao wasipunguze chakula bila kumwona daktari. Ama zile funga sita za Shawwal, hizo ni ibada. Nia yake ni kwa Mwenyezi Mungu, zisigeuzwe kuwa faini ya halua.

Tufanye kama tunavyofanya katika swala. Aliyepitiwa na usingizi ikampita Alfajiri, huiswali pale anapoamka. Hasemi kwamba siku imeshaharibika, basi Adhuhuri na Alasiri nazo ziende. Vivyo hivyo katika chakula: mlo unaofuata urudi kwenye kipimo chake, bila fujo na bila kilio. Tumefundishwa kuwa amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Neno kwa wenyeji

Tunarudi kwenye kosa letu. Tulikitumia kisa cha Salman kinyume na maana yake. Salman alimkuta nduguye ameelemea upande mmoja, ameusahau mwili na mkewe, akamrudisha kwenye wastani kwa kumwambia kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki na jamaa wana haki. Sisi tulimkuta dada yetu yuko kwenye wastani, tukamtoa. Mwili wake ulikuwa ukidai haki yake, nasi tukauzima kwa kiapo.

Mtume (S.A.W.) aliletewa nyama ya dhabbu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Hakula. Akaeleza kuwa si haramu, ila hakuizoea, na Khalid bin Walid akaivuta akaila mbele yake. Hakuna aliyemwapia, wala hakuna aliyekasirika. Basi mgeni akisema, "Alhamdulillahi, nimetosheka," tumsadiki. Ukarimu ni kuweka chakula mbele ya mgeni. Kumlazimisha mgonjwa si ukarimu.

Idi kubwa ilipokaribia, katika Mfungo Tatu, tulikwenda nyumbani kwa dada yetu kumwomba radhi, tukamwomba pia alitoe daftari kabatini. Siku ya Idi alikuja, akakaa upande wake wa sinia, akala nyama ya udhiha na pilau kiasi alichotaka. Alipomaliza akachukua kalamu, akaandika mbele yetu sote, na safari hii hakuna aliyecheka. Kesho yake asubuhi alikunywa chai isiyo na sukari kama desturi yake. Mizani hakuipanda mpaka siku ya tano, na ilikuwa pale pale alipoiacha kabla ya Idi. Safari ya kilo nane bado anayo, lakini yumo njiani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie afya katika miili yetu, wastani katika sahani zetu na huruma katika majumba yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.