Kura Iliyokwenda Bakulini

Ndugu msomaji, kila siku ya uchaguzi inapokaribia, kijijini hakosi mtu wa kusema: "Mimi ni mmoja tu. Nisipokwenda, nani atajua? Na palizi inaningoja." Mtu huyo usimwite mvivu, maana hesabu yake ina akili ndani yake. Lakini msomee habari hizi za mji wa Newport News, huko Marekani, kisha mwache aamue mwenyewe.

Mji huo uko jimbo la Virginia, pale Mto James unapokaribia bahari, na watu wake wengi hupata riziki katika kiwanda kikubwa cha kuunda meli za vita. Si mbali na hapo, mwaka 1619, walowezi wa Kiingereza walikutana Jamestown wakaanza baraza lao la kutunga sheria. Mwaka uo huo, jirani kabisa, pahali paitwapo Point Comfort, walishushwa Waafrika waliotekwa Angola. Hao hawakuulizwa neno katika baraza lile, na wajukuu wao waliendelea kuwekewa vizuizi vya kupiga kura mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1965. Nayasema haya ili ujue kwamba huko kura si kitu cha mzaha.

Baraza la Wajumbe la Virginia lina viti 100, na kila kiti kina wilaya yake ya uchaguzi. Wajumbe huchaguliwa kila baada ya miaka 2. Wilaya namba 94 ilikuwa ndani ya Newport News, na tangu uchaguzi wa 2011 ilishikwa na Bwana David Yancey wa chama cha Republican. Mwezi Novemba 2017 alishindana na Bibi Shelly Simonds wa chama cha Democratic, mama aliyekuwa katika bodi ya shule za mji. Wakati huo Republican walikuwa na viti 66 katika baraza. Uchaguzi ukawapokonya kimoja baada ya kimoja, hata ikaonekana kwamba kiti hiki cha namba 94 ndicho kitakachoamua: ama wabaki na 51 kwa 49, ama vyama vigawane 50 kwa 50.

Hesabu ya kwanza ilimpa Bwana Yancey ushindi wa kura 10. Kura chache hivyo, basi ikaombwa zihesabiwe upya. Tarehe 19 Desemba karatasi zikapitiwa zote, na tazama, mambo yakageuka: Bibi Simonds kura 11,608, Bwana Yancey 11,607. Kura moja! Watu wake wakashangilia, magazeti yakaandika.

Furaha ile haikumaliza hata siku mbili. Ilikuwako karatasi moja iliyokuwa imewekwa kando. Huko mpiga kura hutia wino katika kiduara kilicho karibu na jina la mtu amtakaye. Huyu alitia wino katika viduara vya wote wawili, kisha akapiga mstari juu ya kile cha Bibi Simonds. Je, alikuwa anasahihisha kosa lake? Upande wa Republican walisema ndivyo, kwa kuwa katika nafasi nyingine alikuwa amewachagua watu wa chama chao. Upande wa pili wakajibu kwamba hata kwa mgombea ugavana wa Republican alikuwa ameweka alama ya kukata, basi nani awezaye kujua moyo wake? Majaji watatu wakaitazama, na tarehe 20 Desemba wakaihesabu kuwa ya Bwana Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608.

Mtu yule jina lake halijulikani, maana kura ni ya siri. Mimi humfikiria sana. Yeye naye labda alijiona ni mmoja tu, akafanya haraka na kalamu yake arudi kazini.

Sheria ya Virginia yasema wakilingana, itapigwa kura ya bahati. Hapa lugha yetu yatusaidia, kwa sababu kwetu neno ni lile lile moja. Wakristo hatuwezi kushangaa mno, kwani Mitume nao, walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda, walipiga kura kati ya Yosefu aitwaye Barsaba na Matia. Lakini wao walisali kwanza, na wote wawili walikuwa watu waliokwisha kukubaliwa na ndugu. Kuwaamulia raia zaidi ya 23,000 kwa njia hiyo, baada ya wao kusema walitakalo, mimi naona ni jambo zito.

Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, majina mawili yalitiwa katika vikopo vya plastiki, vile vya kuwekea filamu za picha. Vikopo vikawekwa katika bakuli la udongo, rangi ya buluu na nyeupe, lililotoka nyumba ya makumbusho ya sanaa. Mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akatia mkono, akatoa kimoja, akasoma: David Yancey. Republican wakabaki na viti 51, na spika akatoka kwao. Baraza lilipofunguliwa tarehe 10 Januari, Bibi Simonds alikubali kwamba ameshindwa.

Kabla ya uchaguzi wa 2019 mahakama iliamuru mipaka ya wilaya kadhaa ichorwe upya, na ile ya 94 iliguswa, jambo lililomwongezea Bibi Simonds nguvu. Wawili hao wakakutana tena, naye akashinda kwa kura nyingi, bila bakuli. Mwaka 2021 chama chake kilipoteza wingi wa viti barazani, lakini yeye hakupoteza chake. Kisha wilaya zote zikapangwa upya, na mwaka 2023 watu wa Newport News walimrudisha Richmond akiwakilisha wilaya namba 70.