Poda inayoshika maji: tuinunue ao tuiache?

Ndugu wakulima na bamama wa koperative, ulizo hili linarudi kila kipwa: poda nyeupe ya poliakrilamidi inaweza kusaidia mashamba yetu ya mchanga hapa Dilolo? Jibu linategemea ni poda gani, kwa sababu chini ya jina hilo kuko aina mbili.

Ya kwanza inayeyuka mu maji. Inatengenezwa kwa kuunganisha akrilamidi kuwa nyuzi ndefu sana. Nyuzi hizo zinakamata vumbi laini lililo ndani ya maji, zinalifunga mafungu-mafungu, nalo linazama. Ndiyo maana viwanda vya shaba na kobalti, kama vya Kolwezi, vinatumia dawa za namna hii ili tope litengane na maji. Inatumika pia kusafisha maji ya miji, kutengeneza karatasi na kuchimba petroli.

Na shambani? Kule Idaho, Marekani, watafiti walitia gramu 10 kwa kila litre 1,000 za maji ya mifereji, na mmomonyoko ukapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini udongo wa kule ni laini. Mchanga hauna vumbi jingi la kufungwa. Pima shamba lako: tia udongo kidogo mu chupa ya maji, tikisa, acha. Maji yakitakata mbio, hiyo poda haitakufaa sana. Yakibaki na tope mpaka kesho, inaweza kufaa.

Aina ya pili haiyeyuki. Nyuzi zake zimefungana kama wavu, inavimba tu. Gramu moja inaweza kunywa gramu mia kadhaa za maji safi, lakini chumvi na engre zinapunguza nguvu yake. Mu mchanga, inaweza kusaidia miche ya tomati ao ya miti ya matunda. Kwa shamba zima la muhogo, bei yake ni mzigo. Samadi na majani makavu juu ya udongo vinashika maji kwa gharama ndogo.

Mbele ya kulipa, omba kijiko kidogo, tia mu glasi ya maji, koroga, ngoja saa mbili. Ikibaki vipande vilivyovimba, ni ya pili. Ikivutika kama bamia, ni ya kwanza.

Mwisho, tuangalie afya. Akrilamidi inayobaki mu poda ni sumu ya mishipa ya fahamu. OMS inashauri isizidi mikrogramu 0.5 kwa litre moja ya maji ya kunywa. Kwa hiyo poda ya migodi isiingie mu shamba wala mu kisima, na mufuko wake usiwekwe unga wa bukari, hata ukioshwa. Ikimwagika chini, ifagie ingali kavu: ikilowa inateleza sana, inaweza kuangusha mutu.