Saratani ya mlango wa kizazi: Kipimo kipo, kwa nini hakimfikii mama wa Simiyu?

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyeumba maradhi na akaumba tiba yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Katika kurasa hizi za familia tumezoea kuzungumzia malezi ya watoto, haki za wanandoa na mirathi. Wiki hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumzie jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona, nalo ni saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ndiyo saratani inayowapata na kuwaua wanawake wengi zaidi hapa Tanzania. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yalionesha kuwa wanawake zaidi ya 10,000 nchini walipatwa nayo ndani ya mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walifariki dunia.

Hesabu hiyo inauma zaidi kwa sababu saratani hii ni miongoni mwa chache zinazoweza kuzuiwa kabla hazijaanza. Haimjii mtu kwa ghafla. Hutanguliwa na mabadiliko madogo katika mlango wa kizazi, yasiyo na maumivu wala dalili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka kuwa saratani. Katika miaka yote hiyo, kipimo kimoja na tiba ya dakika chache vingetosha kuikata njia yake. Mama wa Itilima au Meatu anayepelekwa Mwanza wakati damu imekwisha kuanza kumtoka ameupita muda mrefu ambao angeweza kuokolewa akiwa karibu na nyumbani kwake.

Kipimo kilivyosogea

Kipimo cha kwanza cha maradhi haya kilijulikana sana baada ya mwaka 1943, pale daktari George Papanicolaou alipochapisha matokeo ya kuchunguza chembe za mlango wa kizazi kwa hadubini. Nchi tajiri zilikitumia, na vifo vikapungua sana. Lakini kipimo hicho kinahitaji maabara, mtaalamu wa kuzisoma chembe hizo na mgonjwa wa kurudi baada ya siku kadhaa. Vijijini kwetu mambo hayo matatu ni nadra kukutana.

Ndipo ikaja njia ya siki. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ni njia rahisi, majibu hutolewa papo hapo, na ndiyo iliyoenea katika kliniki za afya ya uzazi nchini. Upungufu wake ni kuwa inategemea jicho la mpimaji: mmoja ataona weupe, mwingine asiuone. Kwa wanawake waliokaribia miaka 50 na kuendelea huwa dhaifu zaidi, kwa kuwa sehemu inayopaswa kuonekana huwa imerudi ndani.

Hatua ya tatu ilitokana na ugunduzi wa Mjerumani Harald zur Hausen, ambaye katika miaka ya 1983 na 1984 yeye na wenzake walivitambua virusi vya HPV vya aina ya 16 na 18 ndani ya uvimbe wa saratani hii. Aina hizo mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, na mwaka 2008 mtaalamu huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Tangu hapo imewezekana kuvitafuta virusi vyenyewe kabla havijaleta madhara. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa kipimo cha virusi vya HPV ndicho kitangulizwe mahali pa siki na hadubini, kuanzia umri wa miaka 30, au miaka 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwanamke asiye na virusi hivyo anaweza kukaa miaka mitano hadi kumi kabla ya kupimwa tena.

Kipimo kinachochunga haya

Kwa familia zetu, jambo kubwa katika kipimo hiki kipya ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Hupewa kijiti chenye pamba au brashi laini, akaingia faraghani peke yake, akakitumia kama alivyoelekezwa na kukirudisha. Hakuna anayemwangalia. Shirika la Afya Duniani linaikubali njia hii.

Tunajua wapo akina mama wengi ambao hawajawahi kupimwa kwa sababu moja tu: wanaona haya kujifunua mbele ya mpimaji, hasa akiwa mwanamume. Haya ni sehemu ya imani na hatuibezi. Wanazuoni wamekwisha kufafanua kuwa mwanamke atangulize tabibu mwanamke, na kama hapatikani, dharura ya matibabu inaruhusu kinachohitajika kwa kiasi chake. Njia ya kujichukulia sampuli inapunguza hata haja ya ruhusa hiyo katika hatua ya kwanza. Udhuru wa haya sasa umebaki mdogo sana.

Biashara ya katriji

Kama kipimo ni kizuri kiasi hicho, mbona hakijaenea? Hapa tunaingia katika mambo ya soko, na msomaji wa Bariadi atayaelewa upesi, kwa kuwa mkoa wetu unaongoza nchini kwa pamba. Mkulima wetu anajua maana ya kufika kwenye mizani ukiwa huna sauti katika bei.

Tanzania ina mamia ya mashine za GeneXpert, zilizosambazwa katika hospitali za mikoa na wilaya hasa kwa ajili ya kupima kifua kikuu. Mashine hiyo hiyo inaweza kupima HPV na kutoa majibu kwa muda wa saa moja hivi. Lakini kila kipimo kinahitaji katriji yake, yaani kikasha kidogo cha plastiki chenye dawa za maabara, kinachotumika mara moja na kutupwa. Katriji hizo hutengenezwa na kampuni moja tu, Cepheid ya Marekani, iliyo chini ya kampuni kubwa ya Danaher. Mwenye mashine hawezi kuweka katriji ya mwingine. Ni sawa na kijiji kilichochimbiwa kisima lakini kamba ya ndoo ikawa inauzwa na mtu mmoja.

Katriji ya HPV, kwa bei ya punguzo inayotolewa kwa nchi kama yetu, imekuwa karibu dola 15, sawa na zaidi ya shilingi 35,000. Hapo hatujahesabu usafirishaji, umeme, mshahara wa mtaalamu wala matengenezo. Serikali ikitaka kumpima kila mwanamke wa umri unaostahili, bei hiyo huzidishwa kwa mamilioni. Aidha, mashine hizo zina foleni ya wagonjwa wa kifua kikuu, na katriji zina tarehe ya kuisha muda wake.

Kuhusu katriji ya kifua kikuu, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya uchambuzi ulioonesha kuwa gharama ya kuitengeneza haifiki dola 5, nayo ilikuwa ikiuzwa karibu dola 10 tangu mwaka 2012. Baada ya miaka ya shinikizo, Septemba 2023 kampuni ilitangaza kuishusha hadi karibu dola 8. Hilo linatufundisha kuwa bei husogea watu wanaposimama pamoja. Ushindani nao unasaidia: kampuni ya Molbio ya India ina mashine ndogo ya Truenat inayotumia betri, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa kifua kikuu.

Tazama pia mtaji unakoelekea. Nchini Marekani, kampuni ya Grail mwaka 2021 ilianza kuuza kipimo cha damu cha Galleri kinachotafuta dalili za saratani za aina nyingi kwa mara moja, kwa bei ya dola 949, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Fedha hufuata mahali penye mnunuzi. Mama wa Maswa anayesubiri kuuza pamba ndipo apate nauli si mnunuzi anayepangiwa mikakati.

Pengo hilo ndilo linalowapa nafasi matapeli. Zipo mashine za kushika mkononi zinazopitishwa mitaani na minadani, zikidaiwa kupima mwili mzima kwa dakika chache na kuishia na mauzo ya vidonge. Hazitambui saratani ya mlango wa kizazi, na anayeambiwa na mashine hizo kuwa yu mzima huacha kwenda hospitali. Huo ni ulaghai, na Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kulaghai.

Bei katika mizani ya sharia

Uislamu haukatazi faida. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa bei zilipopanda Madina, watu walimtaka Mtume (S.A.W.) azipange, naye akakataa kwa kuchelea kumdhulumu mtu. Lakini sharia hiyo hiyo imeharamisha ihtikari, yaani kuhodhi kitu ambacho watu wanakihitaji ili bei ipande. Ibn Taymiyya alieleza kuwa pale muuzaji anapokuwa mmoja na watu hawana pa kwenda, mtawala anaweza kumlazimisha auze kwa thamani ya haki. Kampuni iliyobuni kitu chenye manufaa inastahili malipo ya jasho lake. Serikali zetu nazo zina haki, tena wajibu, wa kuungana katika manunuzi na kudai bei inayolingana na gharama.

Majibu hayatembei yenyewe

Hata hivyo, tusidhani bei ndiyo kizuizi pekee. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2020, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 700 waliokutwa na virusi vya HPV na kutakiwa warudi kwa uchunguzi baada ya miezi 14. Nusu yao walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha. Katika makundi yote mawili, waliorudi walikuwa takriban mmoja kati ya wanne. Ujumbe wa simu haukuongeza kitu. Kipimo kilikuwepo na majibu yalijulikana, lakini watatu kati ya wanne hawakurudi.

Mwanamke anapokutwa na mabadiliko ya awali, kifaa kidogo cha joto kinaweza kuyaunguza kwa muda mfupi bila kulazwa. Ikishukiwa saratani yenyewe, hukatwa kinyama kikachunguzwe, na mara nyingi kutoka kwetu safari huwa ya Lamadi, Magu hadi Bugando, na wakati mwingine hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Safari hiyo inataka nauli, mtu wa kumsindikiza na wa kubaki na watoto. Inataka pia ruhusa na moyo mkunjufu wa mume.

Hapa tuwaambie waume jambo moja kwa uwazi. Virusi vya HPV huambukizwa kwa tendo la ndoa, na watu wengi walioingia katika ndoa huvipata wakati fulani wa maisha yao. Kwa wengi mwili huviondoa ndani ya miaka miwili hivi. Kwa wachache hubaki kimya miaka mingi. Kwa hiyo majibu ya kipimo hayamwonyeshi mtu aliviapata lini wala kwa nani. Huenda vilitoka katika ndoa iliyotangulia, ya mke au ya mume, na huenda ni mume aliyevileta bila kujua. Mwenye kumtuhumu mkewe kwa karatasi ya maabara akumbuke hukumu nzito iliyomo katika Surat An-Nur juu ya wanaowasingizia wanawake watahirifu. Mke anayeogopa talaka hatapimwa, na akipimwa atayaficha majibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tulicho nacho mkononi

Misikiti yetu haitengenezi katriji, lakini ina watu, ina mimbari na ina sadaka. Katika zama za Mtume (S.A.W.) hema la kuwatibu majeruhi lilisimikwa msikitini Madina, na Bibi Rufaida anatajwa kuwa ndiye aliyewahudumia humo. Kuujali mwili wa mgonjwa ni kazi ya msikiti tangu mwanzo wake.

La kwanza, darsa za akina mama zimwalike muuguzi wa kike kutoka kituo cha afya, na siku ya kupimwa wanawake waende kwa kundi. Aliyekwenda na wenzake hurudi na wenzake.

La pili, kila kamati itenge mfuko wa nauli kwa wanaotakiwa kurudi au kupewa rufaa. Fukara mgonjwa ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Na mwenye mashamba anaweza kuweka wakfu ekari moja ya pamba, mavuno yake yawe nauli za wagonjwa kila msimu.

La tatu, madrasa zihimize chanjo ya HPV. Ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Aliyechanjwa bado atapaswa kupimwa akifika umri wake.

La nne, tunapokutana na madiwani na wabunge wetu tuulize kipimo cha HPV kitafika lini katika vituo vya wilaya zetu, kama tunavyouliza habari za barabara na mbegu.

Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu na kuwafahamisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi isipokuwa ameteremsha na dawa yake, ila uzee. Kwa maradhi haya dawa imekwisha kujulikana. Tunamwomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu mama zetu waliotangulia, na atuwafikishe kuwafikisha waliobaki mahali kipimo kilipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.