Adhabu za Uendeshaji Ovyo katika Mbio za Mtandaoni
Katika iRacing, programu ya Marekani ya mbio za magari mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2008, kompyuta huhesabu makosa ya kila dereva. Gari likitoka nje ya njia, huandikiwa pointi 1. Likimshinda dereva na kuyumba, 2. Likigongana kwa nguvu na jingine, 4. Pointi hizo hulinganishwa na idadi ya kona alizopita dereva, na hapo hupatikana kiwango chake cha usalama, ambacho huamua leseni yake ipande au ishuke.

Linalolalamikiwa zaidi ni kwamba pointi za mgongano huwaangukia wote wawili, aliyegonga na aliyegongwa. Kwa mbio moja, huo ni uonevu dhahiri. Lakini kompyuta hutambua mguso, haitambui nia, na mfumo wa kukisia mkosaji ungehadaiwa kwa urahisi na mjanja anayefunga breki ghafla ili agongwe kwa nyuma. Mbio zikiwa nyingi, dereva mwangalifu hubaki na pointi chache hata akigongwa mara mojamoja.

Kugonga kwa makusudi ni suala jingine kabisa, na hapa mashine haitoshi. Kijana aliyekosea kona siku yake ya kwanza hastahili kutendewa sawa na mtu anayewawinda wenzake kila wiki. Kwa hiyo aliyetendewa vibaya hutuma malalamiko pamoja na rekodi ya mbio, wasimamizi huitazama, na mwenye hatia huweza kuonywa au kufungiwa.