Kutoka Taka hadi Malighafi: Uongezaji Thamani wa Mabaki katika Gumbo, Juba

Gumbo ni kitongoji cha Juba kilichopo ukingo wa mashariki wa Mto Nile, kwenye barabara iendayo Nimule, mpakani mwa Uganda. Bidhaa nyingi za Juba hupitia njia hiyo. Malori huja yamesheheni na mara nyingi hurudi matupu. Chupa, madebe na mabati chakavu hubaki. Makala haya yanafafanua namna mabaki hayo yanavyoweza kupandishwa thamani, na nafasi ya istilahi katika suala hilo.

Dhana tatu hazina budi kutenganishwa. Kutumia tena ni kukipa kitu kazi nyingine bila kukibadili, kama debe la mafuta linapochotewa maji. Urejelezaji ni kukirudisha kitu katika hali ya malighafi. Plastiki, kwa mfano, huelekea kupungua ubora kila inapoyeyushwa. Uongezaji thamani ni kugeuza mabaki kuwa bidhaa bora zaidi kwa ubunifu na ufundi.

Afrika Mashariki ina mifano ya dhana hii ya tatu. Jiko la kauri la Kenya lilianza kuenea katika miaka ya 1980. Mafundi wa jua kali hukunja bati chakavu kuwa kasha lenye kiuno chembamba, kisha hutia ndani bakuli la udongo uliochomwa. Udongo huo huhifadhi joto, hivyo mkaa hutumika kidogo kuliko katika jiko la bati tupu. Huko Lamu, jahazi la Flipflopi liliundwa kwa takribani tani 10 za taka za plastiki, likazinduliwa mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Katika mifano yote miwili, thamani ilitokana na stadi za mafundi.

Kwa Gumbo, jiko ndilo funzo la karibu zaidi, kwa kuwa wakazi wengi wa Juba hupikia mkaa, na Wasalesiani wa Don Bosco hufundisha ufundi hapohapo.

Hata hivyo, kanuni ikiyaita mabaki yote "taka", hatima yake ni jalala au moto, na fundi anayeyaokota huhesabiwa mvamizi. Ikiyatambua kuwa "malighafi", hulazimika kueleza nani atayatenga, wapi na kwa bei gani. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Washauri wa sera waanze kwa kusawazisha istilahi hizi, kwani riziki ya fundi imefungamana nazo.